Wenye Wasafiri, Simameni

Tarehe 9, mwezi wa tano

Kwako binti yangu, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, salamu nyingi zisizo na idadi. U hali gani huko kwenye kazi yako ya kufua mashuka ya hospitali? Kifua kimekuachia au bado kinakoroma? Usilale na dirisha wazi. Mtu akitoka kwenye mvuke wa mashine akapigwa na baridi, ndiyo mwanzo wa yote. Nilikuambia hata kabla hujaondoka.

Sisi huku tu wazima, ukiacha lile unalolijua. Baba yako anakusalimu. Mgongo unamsumbua, na redio inamsumbua zaidi, anagombana nayo kama vile mtangazaji yumo ndani anamsikia. Wifi yako anakusalimu, anasema wewe ndiye shangazi pekee wa mtoto wake, usimsahau. Kipipa mwenyewe anakusalimu. Ameota meno mawili ya juu na sasa anauma kila kitu, jana kaniuma bega nikapiga yowe, baba yako akaja na nyundo akidhani ni mwizi. Mama wa utingo anakusalimu, yule jirani yetu wa bati jekundu ambaye mwanawe alikuwa msaidizi wa mdogo wako kwenye lori. Mzee wa kanisa aliyekufundisha kipaimara anakusalimu, anauliza kama bado unasali au umekuwa mtu wa mjini. Kuku mmoja amebaki, naye anakusalimu. Mdogo wako naye anakusalimu, popote alipo.

Najua habari ya daraja uliisikia redioni, na ule ujumbe tuliompa dereva wa lori la mafuta ulikufikia, maana pole zako tulizipata. Lakini ujumbe wa mdomo hufika umekatwa mkia. Simu ya dukani iliondoka na duka lenyewe. Kwa hiyo nakuandikia mwenyewe, usicheke mwandiko, shule yangu unaijua iliishia wapi.

Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo na jua linawaka. Wanasema maji yalishakula daraja kwa chini na juu halikuonyesha kitu. Malori mawili yalipita. La mdogo wako lilikuwa la tatu, limebeba saruji. Unajua wenzake walivyomwita Taratibu, hakuna lori alilowahi kulipita barabarani, basi hata siku hiyo aliwaacha wenzake watangulie. Lori lilikutwa mbali huko chini limelala ubavu. Utingo wake alikuwa ndani ya kebini. Baba yako ndiye aliyempigilia jeneza, alifanya kazi siku nzima kwenye banda lake la useremala.

Mdogo wako hakuwemo. Mlango wa upande wa dereva ulikuwa wazi. Nisome vizuri hapo mwanangu. Mlango ulikuwa wazi. Mtu hafungui mlango ili abaki ndani.

Kanisani kwetu sasa wanalala waliokosa nyumba za kule bondeni, wametandika mikeka kati ya mabenchi. Ibada tunafanyia kwenye gereji ya tajiri wa malori, yule aliyemwajiri mdogo wako. Tunakaa juu ya matairi. Lile shimo ambalo fundi huingia chini ya gari limefunikwa mbao, na sisi wazee tunalizunguka, hatulikanyagi. Mimbari ni meza ya fundi. Kile chuma cha kubania vyuma kimeshindikana kung'oka mezani, basi Biblia inawekwa pembeni yake, utadhani imebanwa isikimbie. Jumapili ya kwanza watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaona nimecheka, nikaona vibaya.

Unakumbuka maombi yetu yalivyo. Wagonjwa kwanza, halafu wasafiri, mwisho wafiwa. Mzee wa kanisa akaita kama siku zote, "Wenye wasafiri, simameni." Nikasimama. Wifi yako akasimama pembeni yangu na mtoto mgongoni. Mzee akanitazama, halafu akamtaja mdogo wako pamoja na wote walio njiani, akamwombea afike salama. Tangu hapo kila Jumapili nasimama. Mtu akitajwa pamoja na wasafiri, anarudi. Wewe mwenyewe ulitajwa ulipoenda huko mara ya kwanza na gari likawaka moto, ukatoka bila hata mkwaruzo.

Sasa nakuomba jambo moja. Mtu akigongwa kichwani anaweza kusahau hata jina lake. Upo hospitali kubwa, na magari ya wagonjwa yanatoka kila upande. Pita wodini umtafute. Kovu la kidevuni unalijua. Na usiniandikie neno pole tena, ukiliandika nitaipasua barua.

Barua wanavusha kwa mtumbwi na kumpa dereva wa mafuta ng'ambo. Nijibu kupitia huyo huyo.

Ni mimi, Mama yako.


Tarehe 30, mwezi wa tano

Shikamoo Mama,

Mshikie miguu Baba kwa niaba yangu. Msalimu wifi, mbusu Kipipa hata kama atakung'ata. Mimi ni mzima. Kifua kinaendelea, usiwaze.

Nimepita wodi zote za wanaume. Wauguzi hawakunizuia kwa kuwa mimi ndiye ninayewapelekea mashuka, nikawa nasukuma toroli langu huku naangalia videvu vya watu. Mgonjwa mmoja mwenye mguu uliofungwa juu akaniambia, "Dada, unataka kunioa au kuninyoa?" Wodi nzima ikaangua kicheko. Nilicheka nao, Mama, halafu nikaenda kukaa nyuma ya mashine ya kukaushia mpaka mkuu wetu akaja kunitafuta.

Hayupo. Nimeuliza na kwenye hospitali ile nyingine ya upande wa reli, rafiki yangu anafanya kazi jikoni kwao. Hayupo. Nisikufiche, nilikwenda na chumba cha maiti. Huko pia hayupo.

Mwambie mzee wa kanisa sisali. Asikasirike, wala si mambo ya mjini. Nafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Siku za Jumapili naomba zamu ili nisijue kwamba ni Jumapili. Mashuka yanakuja na damu, tunayachemsha, yanatoka meupe, kesho yanakuja na damu. Ninamwuliza Mungu kwa nini daraja halikuvunjika lori moja kabla, au mchana wa jana yake, na najua hilo si ombi.

Mama, maji yale yalikuwa mengi. Naishia hapo.

Mwanao, Dada mkubwa.


Tarehe 21, mwezi wa sita

Kwako binti yangu,

Salamu sana. Baba yako, wifi yako na Kipipa wote wanakusalimu, kasoro mmoja wao sielewani naye vizuri na nitakueleza. Kipipa anasimama kwa kushika ukuta. Mdogo wako anakusalimu.

Nilikutuma wodini. Kule kwingine sikukutuma. Barua yako nilimpa baba yako aimalizie kusoma, mimi nilipofika neno lile nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Hebu sikia. Jumapili moja mzee ameita wenye wasafiri, nikasimama. Nanyoosha mkono kumshika wifi yako, naushika upepo. Amekaa juu ya tairi anamfuta mtoto pua. Watu wote wanatuona. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Leo umeniacha nimesimama peke yangu kama mlingoti."

"Nimechoka, Mama."

"Kusimama kidogo tu ndiko kunakuchosha? Mbona bombani unasimama asubuhi nzima?"

"Bombani nasubiri maji, na maji yanatoka."

Mwanangu, nilinyanyua mwiko. Sikumpiga, lakini niliunyanyua. Yeye hakurudi nyuma hata hatua, aliinama tu akaendelea kumenya viazi. Tangu siku hiyo tunapishana jikoni kama wapangaji.

Kaka yake amekuja. Kijana wa heshima, siwezi kumsema. Alikaa na baba yako akamwambia, "Mzee, dada yangu tumwite nani? Kama ni mke, mume yuko wapi? Kama ni mjane, mbona hamjamwambia alie? Ana umri mdogo." Wanataka kumchukua yeye na mtoto wakae kwao. Mchungaji anasema hawezi kufanya ibada ya kumuaga mtu ambaye wazazi wake hawajakubali kwamba ameondoka. Baba yako akaulizwa. Unajua alichosema? "Muulizeni mama yake." Akaenda kuwasha redio. Sasa kila mtu ananitazama mimi, kama vile nimemfungia mtoto wangu chumbani na ufunguo ninao kiunoni.

La pili ni la bombani. Kuna mwanamke mmoja, yule muuza mkaa, sauti yake unaijua, hainong'oni. Akasema nikiwa palepale na ndoo yangu, "Kwani mnahangaika nini? Mlango si ulikuwa wazi? Ametoka, kaona kijana wa watu amekufa, kaona saruji ya tajiri imekuwa uji, kakimbia na aibu yake. Siku hiyo Taratibu alijua mbio." Wenzake wakacheka. Mama wa utingo alikuwa kwenye foleni, akainua ndoo yake tupu akaondoka bila kuteka.

Mimi sikuondoka. Nilimwambia muuza mkaa, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi chekeni. Nilisema hivyo na nilimaanisha. Heri mwanangu awe mwoga amejificha mahali, anakula, analala, ananuka jasho lake mwenyewe, kuliko kuwa shujaa. Mashujaa wazaliwe na wengine. Nikimwomba Mungu ndivyo ninavyomwomba, namwambia Bwana nipe mwoga wangu, sitamwuliza kitu.

Waulize madereva wa huko. Kuishia kwako njiani kwenye barua kunanitia hofu.

Mama yako.


Tarehe 8, mwezi wa saba

Mama, shikamoo,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kukaa kuijibu. Madereva nimewauliza. Wanaomjua wananishika mkono, na hilo nalo ni jibu.

Nitakuambia neno ambalo mtoto hamwambii mama yake, na ukitaka kunilaani unilaani. Unapomwomba Mungu akupe mwoga, unajua unamwomba nini? Kama mdogo wangu yu hai, basi alitoka kwenye ule mlango akamwacha utingo wake anakunywa maji. Yule kijana aliyekula kwenye sahani yetu, aliyemwita "Kaka" mara nyingi kuliko mimi ninavyomwita. Halafu akakaa mahali miezi yote hii, anajua mke wake analia, anajua mtoto ana meno, na hakutuma hata salamu kwa dereva yeyote. Huyo ndiye unayemtaka? Mimi simjui. Mdogo wangu niliyemlea mgongoni asingefanya hivyo. Kila Jumapili ukisimama, muuza mkaa anapata la kusema, na unampa wewe.

Mwachie wifi aende, Mama. Mimi Mungu nimegombana naye, sina haki ya kukuhubiria. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba waliolala katika Bwana hawajapotea. Kumbe ulikuwa unasema kwa ajili ya watoto wa wenzako?

Mwanao.


Tarehe 2, mwezi wa nane

Mama, shikamoo,

Dereva wa mafuta amepita mara tatu na hana kitu changu. Anasema barua aliikabidhi kwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi anasema aliikabidhi kwa Baba. Basi umeipata.

Nisamehe ule mwisho. Ule mwisho peke yake, mengine siwezi kuyafuta. Siku ile nilikuwa nimetoka kukunja shuka la mtu aliyefariki na jina lake lilikuwa sawa na la mdogo wangu, nikalikunja vibaya, nikalikunja tena, likakataa.

Kifua kinanikamata usiku. Naandika hivyo nikijua utaudhika na kunijibu.

Mwanao.


Tarehe 28, mwezi wa nane

Mama, hata kama ni tusi, andika.

Mwanao.


Tarehe 17, mwezi wa tisa

Kwako binti yangu, mwanangu niliyebaki naye,

Salamu nyingi. Kifua hicho kimekufikisha wapi? Chemsha maji, jifunike shuka kichwani, vuta ule mvuke asubuhi na jioni, na dirisha ufunge. Baba yako anakusalimu. Wifi yako anakusalimu. Kipipa anatembea, anatembea kama mlevi, akianguka anatutazama kwanza kuona kama tumemwona, tukijifanya hatujaona halii. Mama wa utingo anakusalimu kwa namna ya pekee. Salamu zimekwisha.

Barua zako tatu zilifika. Ile ya kwanza niliisoma nikaitia chini ya godoro nikasema huyu sikumzaa mimi. Nikaacha hata kwenda ibada ya gereji. Jumapili ikifika nasema magoti yananiuma. Baba yako anakwenda, wifi yako anakwenda, nabaki na kuku. Nilikuwa nimesusa, mwanangu, sijui nilimsusia nani. Niliacha hata kuomba. Niliona nikiomba arudi, sauti yako inasema amewaacha watu wake, na nikiomba apumzike, nimemzamisha mimi kwa mikono yangu. Basi nikafunga mdomo. Nikajua ulichokuwa unaniandikia, kwamba mtu anaufungua na hakuna kinachotoka.

Jumamosi moja niko uani nachambua mchele, mama wa utingo akaingia bila hodi.

"Umeugua?" akaniuliza.

"Sijaugua."

"Umehama dini?"

"Nihamie wapi na magoti haya?"

Akacheka, nami nikacheka kidogo. Akavuta kigoda, akachukua ungo mapajani mwangu akauweka katikati yetu, tukawa tunatoa mawe wote wawili. Tangu msiba hatujawahi kukaa hivyo. Nilikuwa namkwepa, nikuambie kweli. Yeye ana kaburi, mimi nina mlango uliokuwa wazi, niliogopa kaburi lake litaniambukiza.

Akasema, "Mwenzangu, nilipomwosha mwanangu, shati lake lilikuwa limechanika hapa." Akajishika begani. "Mshono wote umeachia mpaka kwenye kwapa. La mkono wa kulia, upande wa dereva. Kitambaa kilikuwa kizima, nililishona mimi mwenyewe. Sitaki kukudanganya, maji nayo yanachana nguo. Lakini maji hayachagui bega moja."

Nikaokota jiwe jingine, nikalitupa.

"Kulikuwa na mtu anamvuta," akasema. "Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unasimama na wasafiri, nikaona nikisema nitakunyang'anya. Bombani siku ile nilitaka kusema, nikaishia kubeba ndoo tupu. Nimeona haya mpaka leo."

Nilimwambia labda alivuta, akashindwa, maji yakamtoa nje, akatokea mahali. Bado nilikuwa natafuta pa kupitia, unanijua. Yeye akaacha mchele, akanitazama.

"Labda," akasema. "Mimi sijui. Ila nikuulize kitu, na usinikasirikie. Wale watoto walikuwa hawaachani. Wangu akipata mkate anakata nusu ya wako. Walilala kwenye kebini moja, wakaugua malaria pamoja, na nguo walikuwa wanaazimana. Kila Jumapili mzee anapomtaja wangu kwenye wafiwa, anamtaja peke yake. Mbona umemwacha mwanangu peke yake kule?"

Mwanangu, niliinamia ungo. Yeye hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama kuna chumvi. Tukamaliza mchele, akaenda kwake.

Kesho yake nikavaa, nikaenda. Baba yako aliniona mlangoni na kitambaa kichwani, akachukua fimbo yake, akanifuata. Wifi yako akanipisha niketi kwenye tairi kubwa lenye pa kuegemeza mgongo. Wagonjwa wakaombewa. Halafu mzee wa kanisa akaita, "Wenye wasafiri, simameni," na akasubiri akinitazama, alishazoea. Watu wote wakageuka. Sijawahi kukaa kwa nguvu hivyo maishani mwangu. Nilishika tairi kwa mikono miwili. Nilikuwa nasikia moyoni, simama mama, simama, yuko njiani, ukikaa hafiki. Mzee akasubiri sana. Mwisho akaendelea na wengine, na mimi nikawa nimekaa.

Akaita wafiwa. Mama wa utingo akasimama mbele yangu. Nikataka kusimama, magoti yakakataa kweli safari hii, si kisingizio. Wifi yako akasimama yeye kwanza. Akanipa mkono, akanivuta. Tukasimama watatu, na baba yako nyuma yetu, nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu.

Mzee wa kanisa akachanganyikiwa. Akaacha maombi, akaniuliza mbele za watu wote, taratibu kama anamwuliza mtoto, "Mama, nimtaje?"

Nikasema, "Mtaje."

Akamtaja kwa jina lake la ubatizo. Akamtaja pamoja na utingo wake, wawili kwa pumzi moja. Muuza mkaa alikuwa amekaa karibu na ukuta wa kuwekea jeki, naye akainama.

Unataka kujua kama nilipata faraja. Mchungaji aliniuliza hivyo hivyo nje, akinishika mkono. Nilimwambia sikupata. Sitakudanganya wewe ambaye umeniambia ukweli mchungu. Nilihisi kama nimemtoa mtoto mgongoni nikamweka chini njiani nikaondoka. Mpaka leo lori likiunguruma ng'ambo natoka mlangoni, mkono bado una unga. Nikifika uwanjani ndipo nakumbuka nilichofanya.

Ila kuna jambo moja, nalo nitakuambia kwa kuwa sina mwingine. Baada ya maombi tulikiri Imani. Naikiri tangu kipaimara, inatoka yenyewe kama hesabu ya mbili mara mbili. Tulipofika kwenye ufufuo wa mwili, neno likanikwama. Mwili upi? Mimi sina mwili wake. Polisi hawana, tajiri hana, na wale waliopita na kamba kando ya mto hawakuuona. Nikasimama hapo wenzangu wanaendelea na uzima wa milele. Nikajiambia, basi yupo mmoja anayejua ulipo. Kama kweli atawafufua, hataanza kuulizauliza kwa madereva. Hatapita wodini kuangalia videvu. Atakwenda moja kwa moja mpaka alipolala, atamwita. Ni hilo tu nililo nalo. Ni dogo, na siku nyingine nikiamka silioni kabisa, nakaa kitandani nalitafuta kama mtu anayetafuta sindano. Lakini lile la kwanza nililokuwa nalo, la mlango, lilikuwa linanila. Hili halinili.

Tulipofika nyumbani baba yako alikwenda nyuma ya banda lake la useremala, akalia kwa sauti. Miezi yote hii hajalia. Alikuwa ananisubiri mimi. Nilikwenda nikasimama naye, akasema, "Mama watoto, nilikuwa nakuogopa." Watu tumekaa kwenye ndoa miaka yote hii, ananiogopa!

Ibada ya kumuaga imefanyika Jumatano, palepale gereji, bila jeneza. Hakukuwa na cha kubeba, watu walitoka mikono mitupu hawajui waishike wapi. Kaka yake wifi yako anakuja mwisho wa mwezi kuwachukua. Nimemwambia aende. Nilimfungia nguo za mtoto mwenyewe. Alinikumbatia akaniita Mama, nikamwambia usiniite hivyo kama unaondoka, halafu nikamwambia niite, niite. Nyumba itakuwa kimya, mwanangu. Sijui nitamfulia nani.

Sasa sikia ninalokuomba, ni gumu, najua. Hapa ametajwa Jumapili hizi, na sauti yangu ilikuwa ndogo, nahisi haikupita hata paa la gereji. Wewe ulimbeba mgongoni kabla yangu, mimi nilikuwa shambani. Jumapili hii usiombe zamu. Ingia kanisa lolote hapo mjini, lenye mlango wazi, kaa nyuma kabisa ukitaka. Si lazima usali. Wakifika kwa wafiwa, simama umtaje na mwenzake. Kama midomo itakataa, simama tu.

Halafu uniandikie upesi, siku hiyo hiyo, hata mstari mmoja, umpe dereva wa mafuta kabla hajaondoka Jumatatu. Niambie kama uliweza kusimama.

Ni mimi, Mama yenu.